Kinanda cha Zamani Katika Bendi ya Kwaya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukitupa



Katika Kesha la Pasaka la mwaka jana, sisi mafrateri wa falsafa tulihudumu katika kigango kimoja kando ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu vyombo vyote vilikuwa kimya. Usiku ule padre alipoanzisha Utukufu, kengele zililia, ngoma zikaitika, na mpiga kinanda wetu akabonyeza funguo kwa mikono miwili. Ikatoka sauti kama ya bati linalokwaruzwa. Akabadili namba ya sauti, ikawa mbaya zaidi. Akazima. Akina mama wa sauti ya kwanza hawakusita. Wimbo uliendelea kwa ngoma, kayamba na gitaa la besi hadi mwisho.

Baada ya Misa ubishi ukaanza. Kinanda kile ni cha miaka ya 1980, kiliachwa na mmisionari. Baadhi ya wanakwaya walitaka kinunuliwe kipya kwa fedha za harambee, lakini fedha hizo zilichangwa kwa ajili ya mabati ya paa. Tuliomba wiki mbili tukichunguze. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kumbukumbu. Kinanda cha aina hii huitwa sintesaiza: hutengeneza sauti zake chenyewe kwa umeme. Kinachojulikana zaidi ni Yamaha DX7, kilichotoka mwaka 1983, chenye funguo 61 na nafasi ya kuhifadhi sauti 32. Kilitumia njia aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967: wimbi moja la sauti hulitikisa jingine, na sauti mpya huzaliwa. Katika vinanda vingi vya wakati huo, mipangilio ya sauti hulindwa na betri ndogo iliyo ndani. Betri ikifa, mipangilio huvurugika, ingawa kinanda ni kizima. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Fundi redio alibadilisha betri, nasi tukazirudisha sauti kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI, mfumo ulioanza mwaka 1983 na unaotumika hadi leo.

Pili, umeme. Hapa kwetu umeme ni volti 230. Kinanda cha mtumba kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100. Kikichomekwa moja kwa moja kinaungua. Soma maandishi ya nyuma kwanza, kisha tafuta transfoma inayofaa. Kama mnatumia jenereta, pitisheni umeme kwenye stabilaiza. Washeni spika mwisho na kuzizima mwanzo, ili mshindo usizipasue.

Tatu, ziwa lenyewe. Unyevu hushika kutu kwenye soketi na chini ya funguo. Wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama moshi hufuata taa usiku, kisha huangukia kwenye funguo. Msiweke taa juu ya kinanda, na kikifungwa kifunikeni kwa kitenge.

Nne, upigaji, na hapa ndipo tulipokosea zaidi. DX7 hutoa noti 16 tu kwa wakati mmoja. Ukishikilia kanyagio huku mikono yote miwili imejaa, noti za mwanzo hukatwa ili za mwisho zipate nafasi. Katika vinanda vingi, ukichanganya sauti mbili, kila noti hula nafasi mbili, na 16 zinabaki 8. Kwa hiyo katika bendi mkono wa kushoto uache noti za chini. Hizo ni kazi ya gitaa la besi. Mkono wa kulia upige noti tatu, kisha uachie. Chagueni sauti kavu, kama ya kengele au piano ya umeme, kwa kuwa husikika katikati ya ngoma bila kuongezwa nguvu. Sauti nzito za nyuzi ziwekeni kwa nyimbo za taratibu, kama za Komunyo.

Upungufu huu unatusaidia. Hati Musicam Sacram ya mwaka 1967 inaagiza kwamba vyombo visizidi sauti za waimbaji hadi maneno yasisikike. Tulikuwa tukiisoma darasani na kuivunja kila Jumapili, kwa kupiga kila noti tuliyoweza. Kinanda chenye noti chache kimetulazimisha kuchagua ipi inahitajika. Katika metafizikia tunafundishwa kwamba mpaka wa kitu ni sehemu ya kukifanya kiwe kile kilivyo. Tulilielewa hilo vizuri zaidi siku mwalimu wa kwaya alipotuambia, kwa mara ya kwanza, kwamba anawasikia wazee wa besi.

Basi, ndugu waamini, kabla ya kukitupa kinanda kilichoko stoo, mwiteni fundi akifungue, aangalie betri na usafi wa soketi. Andikeni kwenye daftari namba ya kila sauti mnayoitumia, na hifadhini nakala kwenye kompyuta ya parokia. Jaribuni vyombo vyote saa mbili kabla ya Kesha, wala si wakati wa Utukufu.

Kigangoni kwetu mabati yameshapauliwa. Mvua ikinyesha sasa, kinanda hakisikiki kabisa, na hilo nalo tunalitafutia dawa.