Maji ya Usambara na mfuko wa mwekezaji: nani hasa analipa deni la bomba?

Wafanyabiashara wanaopakia kabichi, karoti na pilipili hoho Lushoto na Soni kwa ajili ya masoko ya Dar es Salaam na Tanga hawahitaji mtaalamu wa kuwaeleza thamani ya maji. Vitivo vikikauka, lori hurudi nusu tupu na bei ya tenga hupanda. Kwao maji ni bei ya mboga.

Tangu mwaka 2024, maji ya Usambara yamekuwa pia bei ya karatasi ya mtaji. Mwezi Februari mwaka huo Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga (Tanga UWASA) ilitangaza hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa kila baada ya miezi sita. Ilipata shilingi bilioni 54.72, yaani asilimia 103 ya kiasi kilichotafutwa, kisha ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ilikuwa mara ya kwanza nchini kwa mamlaka ya maji kwenda moja kwa moja kwa wenye mitaji na kukopa kwa ajili ya mabomba.

Mwekezaji mdogo anajiuliza kama fedha yake iko salama. Mkulima na mchuuzi wa Lushoto naye anajiuliza: kama Tanga wameweza, kwa nini na sisi tusiweze? Maswali haya mawili yana jibu linalofanana, na jibu hilo lianzie kwenye hesabu ya mradi wa maji.

VYUNGU VITATU

Popote duniani, gharama ya maji hulipwa kutoka vyungu vitatu tu. Cha kwanza ni ankara anazolipa mtumiaji. Cha pili ni kodi na tozo za serikali. Cha tatu ni misaada.

Mfanyabiashara wa lori anachangia chungu cha pili pengine bila kujua. Tangu mwaka wa fedha 2015/16, Mfuko wa Taifa wa Maji umekuwa ukipata shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa. Gari linalochoma lita 200 kwa safari moja ya Lushoto na Dar es Salaam huacha shilingi 10,000 katika mfuko huo.

Mkopo hauhesabiki kuwa chungu cha nne. Mkopo ni ankara au kodi ya kesho iliyoletwa leo ili bomba lijengwe mapema. Mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India kwa miradi ya miji 28, ambamo Korogwe, Handeni, Muheza na Pangani wamo, utarudishwa na walipa kodi wote. Hati fungani ya Tanga ni ya mapato: ahadi yake imeegemea fedha ambazo mamlaka yenyewe inakusanya kwa kuuza maji. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndipo mwekezaji anapaswa kutazama kwanza.

HESABU YA MWENYE MILIONI MOJA

Tuseme msomaji ana shilingi 1,000,000 katika hati fungani hii. Kwa mwaka anapata shilingi 135,000, yaani 67,500 kila miezi sita. Akihitaji fedha kabla ya muda, lazima apitie kwa dalali na apate mnunuzi. Iwapo wakati huo hati nyingine salama zinatoa riba kubwa zaidi, atalazimika kuuza kwa bei ya chini. Riba za soko zikiwa zimeshuka, karatasi yake itapendwa na bei itapanda. Tena, soko la hati fungani za taasisi hapa kwetu bado si changamfu. Fedha ya ada ya shule ya muhula ujao si ya kuweka humo.

Sasa tuigeuze hesabu na kuitazama kwa upande wa mkopaji. Asilimia 13.5 ya shilingi bilioni 53.12 ni kama shilingi bilioni 7.17 za riba kila mwaka, kabla ya kurudisha deni lenyewe. Mradi umelenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku. Nyongeza hiyo ya lita milioni 15 kwa siku ni sawa na yuniti 5,475,000 kwa mwaka, kila yuniti ikiwa lita 1,000.

Gawanya, utaona kwamba kama maji yote ya nyongeza yangeuzwa na kulipiwa, kila yuniti ingebeba riba ya shilingi 1,310 hivi. Kama asilimia 30 ya maji hayo ingepotea njiani kwa mabomba kuvuja, wizi au mita mbovu, mzigo huo ungefika karibu shilingi 1,870 kwa yuniti. Huu ni mfano wetu wa kupimia tu, kwa sababu mapato ya maji ya zamani nayo yanasaidia kulipa deni. Hata hivyo unaonyesha kwamba bomba linalovuja linamvujia pia mwenye hati.

Mamlaka haiwezi kuziba pengo hilo kwa kujipandishia bei inavyotaka. Bei za maji zinaidhinishwa na EWURA baada ya maoni ya wananchi kusikilizwa. Kwa hiyo anayefuatilia karatasi hii asiishie kusoma taarifa za DSE. Asome pia maombi ya bei mpya na kiwango cha upotevu wa maji kila mwaka.

MALI ISIYOANDIKWA VITABUNI

Milima ya Usambara ni miwili. Upande wa magharibi kuna Lushoto na Bumbuli. Upande wa mashariki kuna Amani, wilayani Muheza. Kati yao hupita bonde la Lwengera, ambao mto wake unaingia Pangani. Jiji la Tanga hunywa kutoka upande wa mashariki: Mto Zigi unashuka kutoka misitu ya Amani hadi bwawa la Mabayani, na maji husafishwa katika mtambo wa Mowe.

Katika vitabu vya hesabu utakuta mtambo, pampu na mabomba. Msitu na kingo za mto hautavikuta, ilhali bila hivyo mtambo ni chuma tu. Udongo ukishuka, bwawa hujaa matope, nafasi ya maji hupungua na dawa ya kusafishia huongezeka. Tanga walikwisha kuonjeshwa. Mwaka 2003 na 2004 dhahabu ilipogunduliwa eneo la Sakale, huko huko Amani, wachimbaji walimiminika mtoni na maji yakachafuka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Lakini mita 60 kila upande wa mto, kwa mkulima mwenye kishamba kimoja, ndizo chakula cha watoto. Kumfukuza bila kumpa mbadala ni kumwalika arudi usiku. Ndiyo sababu mamlaka ya Tanga imekuwa ikishirikiana na umoja wa wakulima wa kule juu, UWAMAKIZI, ambao wanachama wake wanatunza kingo na kutafuta kipato kwa njia nyingine. Uhifadhi wa chanzo umo pia katika madhumuni ya hati fungani hiyo, na ni sehemu ya sababu ya kuitwa ya kijani.

Fedha inayopanda mlimani isichukuliwe kuwa sadaka. Jirani zetu wa Nairobi walianzisha mfuko wa maji wa Tana ya Juu mwaka 2015 kwa hesabu ya namna hii. Wataalamu walikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumika kuzuia mmomonyoko katika mashamba ya juu zitaleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30, kwa mavuno bora, umeme zaidi na gharama ndogo ya kusafisha maji. Mwenye hati ya Tanga anao mlinzi wa mtaji wake katika kijiji ambacho pengine hatakiona maishani.

KWA NINI SI LUSHOTO

Tukirudi magharibi, Lushoto ina maji ambayo jiji lingeyatamani. Misitu ya Magamba na Shagayu inalisha vijito vingi, na Mto Umba unaoanzia Shagayu unafika hadi pwani ya Kenya. Mengi ya maji hayo hushuka yenyewe bila pampu, na hiyo ni nafuu kubwa ya gharama.

Kinachokosekana ni wingi wa ankara. Kutoa hati fungani kuna gharama zisizopungua hata mkopo ukiwa mdogo: washauri, wanasheria, wakaguzi, waraka wa matarajio, kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Tanga UWASA ilisaidiwa kufika hapo na Mfuko wa Maendeleo ya Mitaji wa Umoja wa Mataifa (UNCDF), na ilikuwa tayari na wateja wa jiji na hesabu zilizokaguliwa kwa miaka mingi. Skimu ya kijiji cha mlimani, yenye magati machache na kaya zilizotawanyika juu ya vilima, haina mapato ya kubeba gharama hizo. Haiwezi kuingia soko la mitaji peke yake, na anayeiahidi hivyo anaidanganya.

Kwa vijiji hivyo ujenzi umebaki kazi ya serikali kupitia RUWASA, iliyoanza mwaka 2019, na wafadhili. Uendeshaji uko mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Ugonjwa wa kawaida wa miradi ya namna hii unajulikana: fedha ya kujenga hupatikana, sherehe hufanywa, kisha fedha ya koki na fundi hukosekana. Shilingi chache za ndoo zisipokusanywa na kuandikwa, baada ya miaka michache mradi unaombewa msaada upya.

Ipo njia ya katikati. Katika miaka ya 2000 benki ya K-Rep ya Kenya, ikiungwa mkono na Benki ya Dunia, iliendesha mpango wa Maji ni Maisha. Kikundi cha maji kiliweka asilimia 20 ya gharama na kukopa asilimia 80. Maji yakishatoka na wateja wakishaongezeka, ruzuku ya hadi asilimia 40 ya gharama ilikuja kupunguza deni. Mfadhili alilipia maji yaliyokwisha kutoka bombani, na benki ililazimika kukipima kikundi kabla ya kutoa hata senti. Chombo cha jamii cha Lushoto chenye daftari safi, mita na akaunti benki kingeweza kujadiliwa kwa mtindo huo. Kisicho na daftari hakina cha kuweka mezani.

CHOO HAKINA ANKARA

Usafi wa mazingira ni mgumu kuliko maji. Mtu atalipa ili apate ndoo, lakini ni wachache wanaolipa kwa hiari ili maji machafu yaondoke. Kwa hiyo hati fungani hufuata bomba la majisafi, na choo huachiwa kaya na bajeti ya halmashauri. Vijijini karibu kila choo kimejengwa kwa fedha ya mwenye nyumba.

Wafanyabiashara wasilione hili kuwa la mabwana afya tu. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoa mingi, na katika maeneo kadhaa wauza vyakula vya njiani ndio waliozuiwa kwanza. Gulio lisilo na choo ni hasara inayosubiri mvua. Choo cha kulipia sokoni, chenye maji na msimamizi, ni moja ya miradi michache ya usafi inayoweza kujilipa, kwa kuwa wateja wapo kila siku ya soko.

YA KUPIMA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa mwekezaji mdogo anayeletewa karatasi ya maji, ya Tanga au ya mamlaka nyingine itakayofuata, tunashauri maswali manne. Deni linalipwa kutoka chungu kipi, na je, serikali imelidhamini au la? Katika kila lita 100 zinazozalishwa, ngapi zinalipiwa? Deni lenyewe linarudishwa vipi, kidogo kidogo au mwishoni? Na chanzo cha maji kinalindwa na nani, kwa fedha gani? Tatu za kwanza dalali atakujibu kwa kufungua waraka wa matarajio. Swali la nne linahitaji taarifa za mto, na neno kijani lililoandikwa juu ya hati halitoshi kulijibu.

Kwa mfanyabiashara wa Lushoto ushauri ni mfupi zaidi. Shilingi anayolipa kwenye gati ndiyo dhamana pekee ambayo kijiji chake kinaweza kuijenga chenyewe. Hiyo ndiyo iliyoifikisha Tanga sokoni: miaka mingi ya ankara ndogo ndogo zilizolipwa na kuandikwa. Na pale jiji la bondeni linapokopa kwa nguvu ya maji ya mlimani, watu wa mlimani wana haki ya kuuliza, mapema na kwa maandishi, ni senti ngapi katika kila yuniti zinazorudi kulinda mto.