Mchumba yuko majuu, mbona mshiko hauji?

Kabla hujanuna na kuzima simu, jua kwanza sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa ngapi kwa wiki.

Runzewe ni mji wa hela ya haraka. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, dhahabu inachimbwa ukanda mzima wa Geita, na kijana akibahatika machimboni leo, kesho utamwona na pikipiki mpya. Sasa katika mji kama huu, mwenzi wako akienda kusoma nje, macho yote yanakugeukia wewe. "Aah, shemeji yuko majuu bwana, wewe ni wa kudaiwa kodi ya fremu?"

Miezi inakatika, hela haionekani. Mawifi wanaanza kuulizana, mashoga nao wanakupa jibu: kapata mwingine huko. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba mwenzio anakataa kuvunja sheria, na wewe ndiye unayemsukuma aivunje bila kujua.

Viza ya masomo si ya kutafuta maisha

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Viza ya mwanafunzi inatolewa ili mtu asome. Kazi ni ruhusa ndogo iliyowekewa mipaka, na kila nchi ina mpaka wake.

Marekani, mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, kama maktaba au bwalo la chakula, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Likizo anaweza kufanya kazi muda wote. Kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali maalumu, na mwaka wa kwanza kwa kawaida hakipatikani.

Uingereza, anayesoma digrii anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wa kozi za chini ya digrii wengi wanapewa 10. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na kazi zote zinajumlishwa. Akifanya saa 10 wiki hii, hawezi kufidia kwa 30 wiki ijayo. Tena haruhusiwi kujiajiri. Vile vitenge unavyotaka kumtumia akuuzie huko? Sahau! Kwa anayesoma masters, miezi ya kiangazi ya kuandika tasnifu mara nyingi bado ni muhula, si likizo.

Kanada ilipandisha kiwango cha kazi za nje ya chuo kutoka saa 20 hadi 24 kuanzia Novemba 2024. India, wanakosoma Watanzania wengi, viza ya mwanafunzi hairuhusu ajira. China, kazi ya nje ya chuo bila idhini inahesabiwa kuwa ajira haramu chini ya sheria iliyoanza Julai 2013.

Piga hesabu mwenyewe

Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ingawa majimbo mengi yanalipa zaidi. Zidisha kwa saa 20, unapata dola 145 kwa wiki. Kwa wiki nne ni dola 580, kabla ya makato. Ukiibadilisha kwa shilingi ukiwa Runzewe, inaonekana ni zaidi ya milioni moja, mtaji kabisa. Lakini yeye haili Runzewe. Kuna chumba, chakula, nauli, vitabu na koti la baridi. Ukiona ametuma dola 50, ujue kuna kitu amejinyima.

Akizidisha je?

Wapo wanaobeba boksi usiku kwa jina la mtu mwingine, na wapo ambao hawajakamatwa. Ila akikamatwa, Marekani anapoteza hadhi ya uanafunzi na anatakiwa kuondoka. Uingereza viza inaweza kufutwa. Ada iliyolipwa kwa kuuza ng'ombe wa baba inapotea, na rekodi hiyo itamfuata kila atakapoomba viza nyingine. Yote hayo kwa sababu ya mchango wa harusi ya binamu!

Na mimi nimfuate?

Ndoto ya wengi, ila uliza kwanza. Mke au mume wa mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kabisa kufanya kazi Marekani. Uingereza, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi hawaruhusiwi kwenda na wenzi wao, isipokuwa walio kwenye shahada za utafiti au waliofadhiliwa na serikali. Kanada ilibana Januari 2025: kibali cha kazi cha mwenzi kinabaki hasa kwa wenza wa wanaosoma udaktari, masters za miezi 16 au zaidi, na baadhi ya fani maalumu.

Kwa Marekani kuna jambo jingine. Tangazo la Rais la Desemba 2025 lilisimamisha viza mpya za wanafunzi kwa Watanzania kuanzia 1 Januari 2026, isipokuwa kwa msamaha maalumu. Waliokuwa na viza halali hawakufutiwa. Kwa hiyo mwenzio akisita kuja nyumbani likizo, usikimbilie kusema amekuchoka. Viza yake ikiisha muda, kurudi chuoni ni kazi.

Kaeni chini muongee

Kwanza, akutajie kwa uwazi aina ya viza, saa anazoruhusiwa na tarehe ya kumaliza.

Pili, kubalianeni kiasi asichoumia kukituma, hata kama ni kidogo. Mwezi ambao hakuna, aseme mapema hakuna.

Tatu, msimpangie mahari, kiwanja na ada za wadogo zake kwa mpigo. Kila ahadi unayoitoa kwa wazazi kwa niaba yake inageuka saa za kazi asizoruhusiwa.

Nne, kabla hajakubali kazi yoyote, aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Wale ndio wanaojua kanuni ya wiki hii, si rafiki yake aliyekwenda 2005.

Tano, pangeni baada ya kuhitimu. Uingereza ina viza ya miaka 2 ya kutafuta kazi baada ya digrii, itakayopungua kuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Hapo ndipo mshahara wa kueleweka unapoweza kuanza, naye akiwa na rekodi safi.

Na wewe uliyebaki, duka lako lisimame kwa miguu yake. Mwenzio alikwenda kutafuta cheti. Mwache akipate, ndipo mdaiane.