Lazeri na madoa ya ngozi: tuulize kwanza

Siku hizi watu wanatuuliza: «Ile lazeri ya kuondoa madoa kwa ngozi, ni kweli ao ni uongo tu?» Ni kweli. Lakini haifai kwa kila doa, na ngozi yetu inaomba uangalifu zaidi.

Mchimbaji anatambua jiwe kwa rangi: la kijani liko na shaba, jeusi linaweza kuwa na kobalti. Lazeri nayo inafuata rangi. Ni mwangaza wa rangi moja, wenye nguvu mingi. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman kule Marekani mwaka 1960, na mwangaza ule ulitoka katika kipande cha rubi. Mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish walieleza namna ya kuchoma kitu cha rangi fulani ndani ya ngozi bila kuunguza nyama ya pembeni. Mwangaza wa manjano unakamatwa na wekundu wa damu, na mishipa midogo ya doa jekundu inajifunga. Mwangaza mwingine unavunja rangi nyeusi vipande vidogo, na mwili wenyewe unaviondoa pole pole. Mara nyingi inaomba kurudi kwa munganga tena na tena.

Basi shida iko wapi? Ngozi yetu nzima iko na rangi ile ile nyeusi. Mwangaza haujui rangi gani ni ya doa, na gani tulipewa na baba na mama. Lazeri isiyofaa inaweza kutuunguza, kuacha alama nyeusi kupita ile ya kwanza, ao alama nyeupe. Ile inayoitwa Nd:YAG, ya nanometa 1064, haikamatwi sana na rangi ya ngozi, ndiyo maana hatari yake ni ndogo kwetu. Tena munganga anayejua kazi anajaribu kwanza pahali padogo, anangojea kuona, kisha anaendelea.

Na kama doa lililetwa na mafuta ya kujing'arisha, tuache mafuta kwanza. Kulipa lazeri na kuendelea kujipaka ni kujaza maji katika ndoo yenye tundu.

Lakini kuna doa moja mtu asilichome hata kidogo mbele ya munganga kuliangalia: lile jeusi la chini ya mguu, la kiganja ao la chini ya ukucha. Sisi watu wa buti tunazoea kusema: «Ni jiwe tu liliniangukia.» Kidole cha Bob Marley nacho, watu waliwaza ni kidonda cha mpira. Mwaka 1977 waganga waliona ni kansa chini ya ukucha. Mwaka 1981 ilimuua, akiwa na miaka 36. Damu ya kugongwa inasogea mbele ukucha unapoota. Doa lisilosogea, linalopanuka ao kutoka damu, lifikishwe hospitali upesi. Lazeri ikifuta rangi ya juu, kansa inaweza kubaki chini bila mtu kuiona.

Basi, mbele ya kutoa franga, tuwe na maulizo matatu. Nani aliangalia doa hili na kulipa jina? Mashini hii inafaa kwa ngozi nyeusi? Tutajaribu wapi kwanza? Mwenye kukasirikia maulizo haya, tumuage vizuri, turudi nyumbani na doa letu na franga zetu.