Hariri na Hiari

Katika jumba la sanaa la Kansong, mjini Seoul, imehifadhiwa taswira iliyochorwa juu ya hariri na Shin Yun-bok, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1758, ambamo bibi mmoja, nywele zake zimesukwa na kuzungushwa kichwani, ameshika utepe wa koti lake fupi; na wajuzi wa uchoraji wangali wakihitilafiana kama anaufunga au anaufungua. Wengi humdhania kuwa kisaeng. Maandishi ya pembeni yanausifu moyo na kalamu ya mchoraji, wala jina la bibi halimo.

Makisaeng walikuwa wajakazi wa serikali ya Joseon, dola ya Korea ya zamani, waliofundishwa kuimba, kucheza, kupiga ala na kutunga mashairi ili wawaburudishe wakubwa karamuni, na madhali daraja yao ilikuwa ya chini kabisa, binti aliurithi utumwa kwa mamaye, hata mageuzi ya mwaka 1894 yalipoubatilisha utumwa wenyewe. Hata hivyo tungo za Hwang Jini, kisaeng wa karne ya 16, zingali zikisomwa, ilhali mabwana wengi waliomsikiliza wamesahauliwa. Tena mwezi Machi 1919, katika mji wa Suwon, makisaeng waliokuwa wakienda kukaguliwa miili yao kwa amri ya watawala wa Kijapani waligeuza safari hiyo kuwa maandamano ya kudai uhuru wa nchi, wakiongozwa na Kim Hyang-hwa, ambaye alifungwa gerezani kwa ajili hiyo. Zama hizohizo sura za wenziwe zilikuwa zikiuzwa kwa wasafiri, zimepigwa chapa juu ya kadi za posta.

Siku hizi mchoraji aweza kumvika mavazi ya kisaeng mwanamke anayejipatia riziki kwa maonyesho ya ashiki jukwaani, naye mwanamke akasema waziwazi kwamba kazi hiyo ameichagua mwenyewe. Ulinganisho huu wa mwanamke huyo na kisaeng naukubali kwa sharti. Kisaeng aliyeandikwa katika daftari la serikali angali mtoto hakuwa na hiari, na anayemsifu kwa uzuri na ufasaha pekee (kosa ambalo tamthilia za televisheni hulipenda sana) anaufukizia ubani utumwa wake. Kwa hiyo, nionapo taswira mpya ya namna hii, kabla ya kuitazama rangi napenda kujua ni nani aliyeuchagua mkao, ujira ulikuwa kiasi gani, na kama mwenye sura aliridhia iuzwe.