Tuwafunze Watoto Kuusoma Udongo

Mpe mtoto wa miaka minne kijiti, umwache uani, na punde utamkuta amechutama akifukua ardhi. Akiokota kigae cha chungu au kifungo kilichopotea, hukimbia kumwonyesha mama yake na kumwuliza: hiki ni cha nani? Aghalabu jibu alipatalo ni kukemewa kwa kuchafua nguo. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, tunapomzima mwanafunzi bora kabla hajafika darasani, maana swali hilo ndilo linalomwamsha mwanaakiolojia kila asubuhi na kumpeleka shimoni.

Nashikilia kwamba kazi ya wanaakiolojia inafaa kufunzwa tangu shule za chekechea. Wapo watakaocheka. Watasema hiyo ni taaluma ya vyuo vikuu, na kwamba mtoto asiyejua kuhesabu hadi mia hawezi kuelezwa habari za miaka elfu. Nami nawajibu kwamba udongo uwahi ungali maji. Mtoto huyo huyo hupewa ngano za sungura na fisi wa zamani za kale, naye huzielewa. Hahitaji tarakimu ili ajue kwamba waliishi watu kabla ya babu ya babu yake. Anachohitaji ni kitu cha kushika na mtu mzima mwenye subira ya kumjibu.

Kwanza aelezwe kazi yenyewe ilivyo, kwa kuwa hata miongoni mwa watu wazima imetapakaa dhana kwamba wachimbaji hawa husaka dhahabu. Mwanaakiolojia hutafuta habari. Huigawa ardhi katika miraba kwa kamba, akakwangua udongo tabaka baada ya tabaka kwa mwiko mdogo mfano wa ule wa mwashi, akapangusa kwa burashi, kisha akaupitisha udongo katika chekecheke ili hata ushanga au mwiba wa samaki usipotee. Halafu huandika kila kitu kilipatikana wapi, katika tabaka gani, na kando ya kitu gani. Kuandika huko ndiko kwenye uzito. Kigae kilichong'olewa mahali pake bila kuandikwa ni shahidi aliyekatwa ulimi.

Jambo hili laweza kufunzwa bila gharama. Litazame jaa la nyumbani, msomaji. Maganda ya jana yako juu, majivu ya juma lililopita yako chini yake, na chini kabisa kuna kikombe kilichovunjika wakati wa sikukuu. Mtoto akionyeshwa hayo, amekwisha kuelewa kanuni kuu ya taaluma nzima: kilicho chini hutangulia kilicho juu, maadamu jaa halijapekuliwa. Mwalimu naye aweza kujaza mchanga katika sanduku, akafukia humo vipande vya chungu kimoja, akafunga nyuzi za miraba, akawaachia watoto wafukue kwa vijiko na burashi kuukuu. Wakishamaliza, wachore kila kipande kilipokuwa, kisha wakiunge chungu. Hapo watakuwa wamejifunza kuhesabu, kuchora, kusubiri na kushirikiana.

Nimewahi kuwatazama wanafunzi walioletwa Gedi kwa mabasi. Walipitishwa mbio baina ya kuta, wakaamriwa wanakili tarehe kutoka kibaoni, wakapigwa picha na kuondoka. Hakuna aliyewaonyesha choo wala kisima, ilhali hivyo ndivyo vitu ambavyo mtoto angevitazama kwa makini, kwa sababu hata yeye hutumia choo na hunywa maji. James Kirkman, aliyeanza kufukua mji huo mwaka wa 1948, alizipa nyumba kadhaa majina ya vitu vilivyopatikana humo. Iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Kauri, iko Nyumba ya Taa ya Chuma. Je, pana somo jepesi kuliko kumwuliza mtoto: nani alikuwa akiutumia mkasi huu, na kwa nini aliuacha? Mji huu, ambao una kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1399, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024. Itakuwa aibu dunia iuthamini kuliko watoto waliozaliwa kando yake.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kuchagua hadithi moja tu ya kuwasimulia watoto wa chekechea, ningechagua ile ya pango la Panga ya Saidi, katika Kaunti ya Kilifi. Humo watafiti walikuta shimo dogo lenye mifupa iliyolainika mno, kiasi kwamba ikiguswa tu inakuwa vumbi. Hawakuing'oa. Walilifunga donge zima la udongo kwa plasta, likasafirishwa hadi maabara, likafukuliwa polepole. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2021. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, na hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana barani Afrika. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Namna mifupa ilivyokaa ilionyesha kwamba mwili ulikuwa umeviringwa kwa kitu, na kichwa kimeegemezwa juu ya kitu mfano wa mto ambacho kimeoza zamani. Watafiti walimwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu hiki.

Mweleze hayo mtoto wa umri wa miaka mitano. Hatakuuliza kuhusu maabara. Atakuuliza kama mama yake Mtoto alilia. Nawe utamjibu kwamba aliyemwekea mwanawe mto kaburini hakosi kuwa alilia. Kwa jibu hilo utakuwa umemfunza kwamba watu wa kale walikuwa watu. Sijui somo lolote la historia lililo kubwa kuliko hilo.

Pia watoto waambiwe kwamba kazi hii si ya wageni. Kamoya Kimeu aliianza bila shahada yoyote ya chuo. Mwaka wa 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, alitambua kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti, chenye rangi iliyokaribiana na changarawe zilizokizunguka. Kutokana na kipande hicho ilipatikana karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kamoya alifariki mwaka wa 2022, akiwa amesifika ulimwenguni kwa macho yake. Ni watoto wangapi wa Kenya wanaolijua jina lake kama wanavyoyajua majina ya wachezaji kandanda wa Uingereza?

Kuna sababu nyingine ya kulishughulikia jambo hili. Kwa miaka mingi watoto wa pwani waliambiwa kwamba miji ya mawe ya wazee wao ilijengwa na wageni. Uchimbaji uliofanywa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulifika chini ya msikiti wa mawe na kukuta mabaki ya misikiti midogo iliyoutangulia, wa kwanza ukiwa wa karne ya nane. Matabaka ya chini yalijaa vigae vya vyungu vya kienyeji. Mji ulikuwa umekua pale pale, hatua kwa hatua, mikononi mwa wenyeji waliofanya biashara na ng'ambo. Uongo ule ulikanushwa na udongo. Lakini udongo hutoa ushahidi mara moja tu. Ukishavurugwa na wachimba mawe, wajenzi au wasaka hazina, haurudi.

Sikosi kujua hofu ya wazazi. Watasema tutawafunza watoto kufukua makaburi. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa. Watoto wafunzwe tangu mwanzo kwamba sanduku la mchanga ni la kuchezea, bali mahame ni ya kutazamwa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 hairuhusu mtu kuchimba mahali pa kale bila leseni. Wafunzwe pia kwamba kuna mahali, kama vile kaya za Wamijikenda, ambapo neno la wazee hutangulia mwiko wa mtafiti. Vigango vingapi vimeng'olewa vikauzwa ng'ambo? Viwili vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka wa 2007, navyo ni vichache mno. Mtoto aliyefunzwa kuuliza "hiki ni cha nani?" hatakuwa mwepesi wa kuiba, kuuza wala kununua.

Ombi langu kwa walimu ni kwamba ziara ya makumbusho isiwe mashindano ya kunakili vibao. Walio Nakuru wana Hyrax Hill, walio Migori wana Thimlich Ohinga, na walio Nairobi waweza kufika Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe yamelala wazi pale yalipoachwa. Kaunti nazo zitenge walau nauli ya basi la shule kwa safari moja kila mwaka. Nasi wazazi, mtoto atakaporudi kutoka uani na kigae mkononi, tuahirishe kemeo la nguo chafu. Tuketi naye, tukipanguse kigae, tukitafute kilikotoka. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Na ya nini kumlaumu mtoto kwa kuiacha asili ambayo hakuonyeshwa?