Umechongewa Kisu cha Kupanda Mlima Kenya? Kipime Hivi Kabla Kikuchome Picha Huko Juu

Fom ya wikendi ishapangwa. Wasee watano, hema mbili, matatu hadi Naro Moru, halafu ni miguu. Na safari hii umekataa kubeba kile kisu cha jikoni cha mathe. Umeenda kwa fundi wa jua kali, akakuchongea kisu chako mwenyewe, kile kisichokunjwa, jina lako likiwa limechorwa kwenye chuma. Kinang'aa mbaya. Ushakipost hata. Lakini jiulize, kimewahi kukata nini?

Kung'aa si kitu, buda. Kisu kikivunjika nyuma ya nyumba yenu Nyeri, unacheka na unamrudia fundi. Kikivunjika pale Mackinder's, mita 4,200 juu, mvua inanyesha na kipande cha chuma kimeingia kidoleni, hiyo ni noma ya kubebwa na machela.

Kwanza, jua umeuziwa nini

Mafundi wengi hupenda springi kuukuu za lori na pikapu, na hawajakosea. Chuma cha springi ni kigumu na kinavumilia kupindwa. Lakini ubora wa kisu unatoka kwa moto. Fundi anapasha chuma hadi sumaku isishike tena, anaongeza moto kidogo, halafu anakizima kwenye mafuta. Hapo kimekuwa kigumu lakini kinavunjika kama glasi. Ndio maana lazima akipashe tena polepole, kama digrii 200 hivi, kipate uvumilivu. Fundi akiwa na haraka, hii hatua ya mwisho ndiyo rahisi kuruka. Na kwa macho huwezi kujua. Ndio maana unapima.

Vipimo sita, zote ufanyie nyumbani

1. Cheki rangi. Ukiona alama ya samawati kwenye makali, grainda ilichoma chuma wakati wa kunoa. Hapo pamelegea na patabutuka haraka.

2. Tupa, ile faili ya kunolea panga. Ipitishe taratibu karibu na makali. Ikila chuma kama sabuni, kisu ni laini. Ikiteleza kabisa kama iko kwa glasi, kuwa makini, huenda hakikupashwa mara ya pili. Unataka ile ya kati: inauma, lakini kwa shida.

3. Kamba na nyanya. Kata kamba ya katani mara 50, sehemu ileile ya makali. Halafu chukua nyanya ya soko la Karatina, ile imeiva. Kisu kikiikata bila kuiponda, makali yanakaa. Kikiiponda, rudi kwa fundi.

4. Pasua kuni. Weka kisu juu ya kipande cha mkaratusi mkavu, unene wa mkono wako, kisha gonga mgongo wa kisu na rungu la mti. Usitumie nyundo. Vaa miwani na usimwache mtu asimame mbele yako. Ukimaliza, angalia makali kwenye mwanga: yamemeguka, yamejikunja au yako sawa? Kumeguka ni chuma kigumu kupita kiasi, kujikunja ni chuma laini.

5. Mpini na maji. Chuma kinafaa kuingia hadi mwisho wa mpini, si kuchomekwa sentimita chache tu. Lowesha mkono kwa maji ya sabuni, shika kisu, chonga kijiti. Mkono ukiteleza kuelekea makali, huo mpini hauendi mlima.

6. Ala. Kisu kikiwa ndani, kigeuze juu chini na ukitingishe. Kikitoka, hiyo ala itakuumiza siku utakayoteleza kwenye matope.

Halafu kipanguse, kipake mafuta kidogo. Chuma cha springi hushika kutu, na mlima hauishiwi na ukungu.

Usidhani vya kujitengenezea ni vya wasee wasio na doo

Januari 1943, mateka watatu Waitaliano walitoroka kambi ya Waingereza Nanyuki ili tu wapande Mlima Kenya. Kiongozi wao alikuwa Felice Benuzzi. Shoka za barafu walitengeneza kwa nyundo, na meno ya kuvaa chini ya viatu wakayatoa kwenye vyuma chakavu. Batian iliwashinda, lakini Februari 6 wawili wao walisimika bendera Lenana, mita 4,985. Halafu wakarudi kambini wenyewe! Vyuma chakavu vilifika huko juu kwa sababu vilitengenezwa na watu waliojua maisha yao yataninginia hapo.

Na huko juu, kisu ni cha nini?

Si cha kukata miti. Hiyo ni mbuga ya taifa, na kukata miti au kuwasha moto ovyo kutakuletea shida na KWS. Machi 2012 moto uliunguza sehemu kubwa ya mlima kwa siku kadhaa, na wenyeji hawajasahau. Kisu chako ni cha kamba ya hema, chakula, na dharura. Ukifika geti, mwambie renja unacho.

Njiani pia, kisu kikae ndani kabisa ya begi, kikiwa kwenye ala. Sheria inakataza kubeba silaha mahali pa umma bila sababu ya maana, na "nilikuwa nataka kuonyesha maboyz" si sababu. Usikivae kiunoni stage ya Nyeri.

Kisu kikianguka kipimo kimoja, usimtukane fundi. Mpelekee, muonyeshe penye shida, mwambie akipashe upya. Fundi mpoa atafurahi kuona mteja anayejua anachotaka. Akikasirika, basi tafuta mwingine kabla ya wikendi.

Wewe kisu chako kimepita vipimo vingapi?