Kutembea Juu ya Ukingo wa Kibo

Ninyi mliokusanyika katika vikundi, mwenye daftari na alifungue, na mwenye kalamu aishike.

Leo tutazungumza juu ya safari ya mlimani. Pengine mzee mmoja huko Shinyanga atauliza, "Mwalimu, sisi ni watu wa mbuga, nchi yetu ni tambarare. Mlima watuhusu nini?" Watuhusu, mzee wangu. Tangu mwaka 2002 mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, pamoja na Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI, umekuwa ukiandaa safari za kupanda Kilimanjaro ili kuchanga fedha za kupambana na ugonjwa huo. Wengine hupanda kwa miguu, na wengine huuzunguka mlima kwa baiskeli. Kwa hiyo wako watu walioondoka katika nchi yetu ya dhahabu wakaenda kukanyaga theluji, na wengine watakwenda. Basi yafaa tujue ni nini kinachowangoja huko.

UKINGO WA KASOKO

Kilimanjaro ina vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Kibo ndicho kirefu kuliko vyote. Ukikitazama kutoka mbali utadhani juu yake ni bapa, kama bakuli lililofunikwa. Sivyo. Juu kuna shimo kubwa la volkeno, ambalo kwa Kiswahili huitwa kasoko, na kulizunguka kuna ukingo mrefu wa mawe, mchanga na barafu. Mahali palipoinuka kuliko pote katika ukingo huo ndipo panapoitwa Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Mpandaji wa njia ya Machame huondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita za usiku. Kichwani amefunga taa, kama ile ya mchimbaji. Hupanda gizani hata alfajiri, akafika ukingoni mahali paitwapo Stella Point, kama mita 5,750. Hapo wengi hulia kwa furaha na kukumbatiana. Lakini safari haijaisha. Imebaki kutembea juu ya ukingo kwa muda wa saa moja hivi, kasoko ikiwa upande mmoja na mteremko upande wa pili. Njia si kali, wala haina miamba ya kuparamia. Hata hivyo hapo ndipo panapohitaji akili kuliko nguvu. Kwa sababu gani?

HEWA NYEPESI

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Mgusu watanielewa upesi. Mtu akishuka katika duara refu lisilopitisha upepo, kichwa humwuma na pumzi humpungukia, kwa kuwa hewa ya chini imeharibika. Mlimani hewa ni safi kabisa, lakini ni nyepesi. Kwenye Kilele cha Uhuru, kila pumzi unayovuta huleta karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Hata maji huchemka kabla hayajawa moto sana, kama digrii 80 tu. Mwenye kutaka kupika maharage huko atangoja mpaka achoke.

Mji wa Shinyanga uko kama mita 1,100 tu juu ya bahari. Kwa hiyo mwili wa mtu wetu haujazoea hewa ya namna ile. Ukipewa siku za kutosha, mwili hujifunza: pumzi huongezeka, na damu hujitengeneza upya ili ibebe oksijeni zaidi. Ndiyo maana viongozi wa njia husema "pole pole" tangu asubuhi hata jioni. Ndiyo maana pia hupanda juu mchana na kulala chini usiku. Katika njia ya Machame mpandaji hufika penye mwamba uitwao Lava Tower, kama mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Wengine hunung'unika, "Mbona tunapoteza kimo tulichokitafuta kwa jasho?" Hawapotezi kitu. Wanaufundisha mwili.

MFANO WA MARAFIKI WANNE

Tuseme marafiki wanne wa Geita wamekwenda pamoja: fundi, mwalimu, muuguzi na dereva. Kwa miezi kadhaa wamefanya mazoezi katika vilima vya kwao. Wamefika Stella Point salama, jua linachomoza. Dereva anasema kichwa kinamwuma, tena ametapika. Akitembea anayumba kama mlevi. Akiulizwa jina la kambi waliyotoka, anajibu mambo mengine. Kilele kinaonekana kwa macho. Wafanye nini?

Fundi atasema, "Jikaze, bwana, imebaki saa moja!" Maneno hayo ni ya upendo, lakini yaweza kuua. Kuyumba na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba. Kukohoa povu na kuhema hata ukiwa umeketi ni dalili ya maji katika mapafu. Dawa ya kwanza ni moja: kushuka, mara hiyo hiyo, na mgonjwa asiachwe ashuke peke yake.

Basi lazima marafiki wapatane nyumbani, kabla ya safari. Nani atashuka na mgonjwa? Kiongozi wa njia akisema "rudi", je, tutamtii bila ubishi? Ukingoni si mahali pa kuanza shauri hilo, kwa kuwa hewa nyepesi huiba akili kwanza, ndipo ikaiba nguvu. Wachimbaji wana desturi nzuri: ashukaye duarani huacha mwenzake juu, na kamba mkononi. Mlimani kamba hiyo ni ahadi.

KURUDI SI KUSHINDWA

Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kupanda Kibo mwaka 1887, akarudi. Mwaka 1889 alikwenda tena pamoja na Ludwig Purtscheller, wakafika juu. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kuwa aliwaongoza katika safari hiyo. Mlima ulimngoja miaka miwili. Hata Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera ya Tanganyika na Mwenge pale kileleni Desemba 1961, ilimbidi ashuke ili atusimulie.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Nenda pole pole. Kunywa maji mara kwa mara, hata kama huna kiu.
2. Usifiche maumivu ya kichwa wala kichefuchefu, mwambie kiongozi.
3. Mwenye dalili asipande zaidi. Zikizidi, ashuke upesi, tena na mtu.
4. Safari huisha mkiwa wote chini, siyo mkiwa juu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu mwenye nguvu nyingi aweza kuugua mlimani kuliko mnyonge aendaye pole pole?
2. Katika kazi zenu, shambani au mgodini, ni ahadi gani mnayowekeana kabla ya hatari?

Zungumzeni kwa utulivu, na kila mtu apewe nafasi ya kusema. Kwa herini, mpaka somo lijalo.